Wikendi ya Kambi ya Skauti: Mwongozo kwa Mzazi Anayeandamana na Mtoto

Mzazi anayealikwa kuandamana na mtoto wake kambini huenda akidhani kwamba ameitwa kwenda kumlea kule kama anavyomlea nyumbani. Sivyo. Kambi ya skauti imepangwa ili mtoto ajifanyie yale ambayo nyumbani hufanyiwa, na mzazi anayekimbilia kumsaidia kila anapokwama humnyima kile alichokwenda kukitafuta. Kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana, kanuni yako iwe hii: mikono ikae nyuma ya mgongo mpaka uitwe, isipokuwa penye moto, maji, dawa na usalama, ambapo hupaswi kungoja mwito wa mtu yeyote.

Mfano nitakaoutumia ni kambi ya likizo ya Agosti huko Nyeri. Ndiko nilikokwenda na mwanangu alipokuwa na umri wa miaka tisa, akiwa bado katika kundi la Sungura, kama wanavyoitwa skauti wadogo kabisa wa Kenya kabla hawajawa Chipukizi, Mwamba na hatimaye Jasiri. Makosa mengi nitakayokuonya nayo niliyafanya huko mwenyewe. Isitoshe, Nyeri ina nafasi yake katika historia ya uskauti. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, aliyefanya kambi yake ya majaribio na wavulana wachache katika kisiwa cha Brownsea nchini Uingereza mwezi Agosti 1907, alihamia Nyeri mwaka 1938, akafariki huko tarehe 8 Januari 1941 na kuzikwa papo hapo. Uskauti wenyewe ulikuwa umekwisha kufika Kenya miaka mingi kabla yake, mwaka 1910.

Kabla ya Ijumaa

Anza kwa kuzungumza na kiongozi wa kikosi, ana kwa ana ikiwezekana, angalau wiki mbili kabla ya safari. Muulize maji ya kunywa yatatoka wapi, vyoo ni vya aina gani, kituo cha afya kilicho karibu ni kipi, na ni gari gani litakalobaki kambini usiku kwa ajili ya dharura. Swali la gari wazazi wengi hulisahau, nami nililisahau pia. Basi lililotuleta lilitushusha na kwenda zake, na ilipofika saa nne za usiku ndipo tulipogundua kwamba katika watu wazima sita hapakuwa na hata mmoja mwenye gari. Tulinusurika kwa kuwa hakuna aliyeugua.

Uliza pia watoto watalala vipi na watu wazima watalala vipi. Kikosi kinachojua kazi yake kitakujibu bila kusitasita kwamba mtu mzima halali hema moja na watoto wasio wake, na kwamba hakuna mtu mzima anayekaa faraghani na mtoto mmoja, hata akiwa kiongozi wa miaka mingi. Ukijibiwa kwa kigugumizi, mwache mtoto nyumbani. Kumbuka kwamba kanuni hiyo inakufunga na wewe: ukisikia mtoto wa mwenzako akilia usiku, usiingie hemani peke yako kwa huruma, bali mwamshe mtu mzima mwingine mwende wawili. Mfundishe mwanao namba 116, ambayo ni simu ya bure ya kusaidia watoto nchini Kenya, pamoja na 999 na 112 za dharura, na uhakikishe amekariri namba yako ya simu badala ya kutegemea kwamba imehifadhiwa mahali fulani.

Katika fomu ya afya, andika kila kitu. Pumu, kifafa, mzio wa karanga au wa nyuki, dawa anazotumia na saa za kuzitumia, yote yaandikwe, na dawa zenyewe zikabidhiwe kiongozi zikiwa katika pakiti zake zenye maandishi, isipokuwa pampu ya pumu ambayo mtoto anapaswa kuwa nayo mfukoni wakati wote. Liko pia suala la kukojoa kitandani, ambalo wazazi huona haya kulitaja kisha mtoto akaja kulilipia mbele ya wenzake. Mnong'oneze kiongozi. Halafu kaa na mtoto mkubaliane jinsi atakavyofanya: suruali ya akiba na taulo dogo vikae ndani ya mfuko wa kulalia, sehemu ya miguuni, ili aweze kubadilisha gizani bila kuwasha tochi wala kumwamsha mtu. Asubuhi mfuko unaanikwa pamoja na mingine yote, kwa kuwa kambini kila mtu huanika, na hakuna atakayeuliza.

Jambo la mwisho kabla ya safari ni kulala hemani usiku mmoja, au walau kulisimamisha hema mchana mmoja. Wenye ua watalisimamisha uani. Sisi tunaoishi kwenye ghorofa tunaweza kulikunjua sebuleni, tukahesabu vigingi na kamba, tukatazama kama zipu zinafunga, kisha mtoto akalala sakafuni ndani ya mfuko wake taa zikiwa zimezimwa. Inaonekana kama mchezo, lakini mtoto ambaye hajawahi kulala bila taa ya ukumbini hapaswi kuligundua hilo akiwa Nyeri.

Begi

Begi alipange mtoto. Tandaza vitu vyote kitandani, msome orodha pamoja, naye akitia kila kitu aseme amekitia wapi. Safari ya kwanza nilipanga begi la mwanangu mwenyewe, usiku, yeye akiwa amelala, nikajisifu jinsi nilivyokunja kila kitu kikaenea. Ijumaa ile saa tatu za usiku alihitaji tochi. Hakujua iko wapi, kwa sababu hakuwa yeye aliyeitia. Alimwaga begi zima gizani, sweta likaangukia kwenye tope mlangoni mwa hema, soksi moja hatukuiona tena, na tochi tulikuja kuipata asubuhi ndani ya kofia ya sufu, mahali ambapo mimi, kwa busara zangu, niliona hapataibonyeza.

Uzito uwe wa kadiri ya mtoto. Mwenye kilo 30 asibebe zaidi ya kilo 4 au 5, na vilivyo vizito vikae karibu na mgongo, si chini kabisa wala nje. Agosti ni mwezi wa baridi na manyunyu katika nyanda za Mlima Kenya, na Nyeri ipo zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usidanganywe na jua la Nairobi la siku mnayoondoka. Mtoto anahitaji sweta mbili, koti la mvua, kofia ya sufu, soksi za kutosha, gambuti au viatu vilivyofunika vidole, na seti moja ya nguo ambazo hazitavaliwa mchana hata iweje. Hizo ni za kulalia tu. Jasho la mchana likibaki kwenye nguo hugeuka baridi ya usiku, na nguo kavu ina thamani kuliko blanketi la pili.

Ongeza leso, yaani kanga. Sijaiona katika orodha yoyote ya vifaa vya kambi, na sijui kwa nini, kwa maana hiyo moja ni taulo, pazia la kubadilishia nguo, kivuli, mto ukiikunja, na kitambaa cha kufungia mkono ulioteguka. Ongeza pia simu ndogo ya mulika mwizi iliyochajiwa, iwe yako wewe, kwa sababu itakaa na chaji siku zote tatu wakati ile kubwa imezimika Jumamosi asubuhi.

Kuhusu vyombo, chukua sahani na kikombe cha bati au cha plastiki ngumu, na chupa ya maji ya kujaza tena. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwezi Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja, zikiwemo chupa za maji na vikombe vya kutupa, haziruhusiwi katika mbuga, misitu ya hifadhi na fuo zilizohifadhiwa. Kikosi kikipanga matembezi ya msituni, katoni yako ya chupa za maji itaishia langoni.

Mahali pa hema

Mkifika, viongozi watawaonyesha eneo, lakini palepale patakapowekwa hema huchaguliwa na watoto wenyewe. Waache wachague, kisha waulize maswali. Waulize maji ya mvua yakija yatapita wapi. Waambie watazame juu: je, kuna tawi kavu? Waambie watazame chini kama kuna njia ya siafu, ambao hutembea zaidi baada ya mvua, au thabai, ule mmea wa majani yenye miiba midogo unaowasha ngozi na ambao kila mtoto wa Nyeri anaujua lakini mtoto wa Nairobi hukutana nao kwa mara ya kwanza akiwa amechuchumaa. Ukiwauliza vizuri watahama wenyewe. Ukiwaambia wahame, watahama pia, ila mwakani watapiga hema mahali pabaya vilevile.

Sasa kazi ya hema yenyewe, ambayo ndiyo itakayokupima uvumilivu. Turubai la chini hutandazwa kwanza likiwa dogo kuliko sakafu ya hema, maana likitokeza nje hukusanya maji ya mvua na kuyaingiza chini yenu. Mlango huupa upepo kisogo. Vigingi hupigwa vikiinamia upande ulio mbali na hema, si wima, na kamba ivutwe mpaka ikaze bila kuikunja nguzo.

Mwanangu alipewa kona moja. Alichukua jiwe, akapiga kigingi wima, akafunga kamba, akavuta, kigingi kikang'oka. Akapiga tena palepale, kwenye tundu lililokwisha kulegea, kikang'oka tena. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na nilihisi vidole vyangu vikiwasha. Nikapiga hatua moja. Akasema bila kugeuka, "Mama, niachie." Kiongozi wa patroli yao, msichana wa miaka kumi na moja hivi, hakumwambia kitu, alikwenda kwenye kona yake mwenyewe, akachuchumaa na kuanza kupiga kigingi chake polepole kikiwa kimelala mshazari. Mwanangu akamtazama. Akahamisha chake kiasi cha shubiri moja, penye udongo mgumu, akakiinamisha, akapiga. Dakika kumi na mbili kwa kigingi kimoja. Usiku ule mvua ilinyesha, na kona ile haikulegea.

Simulizi hiyo inaonyesha jinsi patroli inavyofanya kazi. Patroli ni kikundi cha watoto sita hadi wanane chini ya kiongozi ambaye ni mtoto mwenzao, na wanachojifunza kwa mwenzao hukishika upesi kuliko kile wanachohubiriwa na mtu mzima. Ukiona mtoto wako amekwama, mtazame kwanza kiongozi wa patroli. Pengine ameshaona.

Jikoni

Hapa ndipo mikono inapotoka nyuma ya mgongo. Moto uwe mahali pamoja palipokubaliwa, mbali na mahema na penye ardhi tupu isiyo na majani makavu. Ndoo ya maji au ya mchanga iwe imejaa kabla kiberiti hakijawashwa. Nywele ndefu zifungwe, skafu ivuliwe au iingizwe ndani ya shati, na hakuna kukimbia karibu na mafiga kwa sababu yoyote. Mpishi mtoto awe na mtu mzima karibu wakati wote maji yanapochemka.

Nalisema hili la jiko kwa mkazo. Usiingize jiko la makaa hemani. Usiliingize hata likionekana limezimika, hata kwa dakika tano za kuotesha mikono, hata mlango ukiwa wazi. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala nayo haamki akakohoa. Hulala moja kwa moja. Katika sehemu za baridi watu wamepoteza maisha hivyo ndani ya nyumba zenye madirisha, sembuse ndani ya kitambaa kilichofungwa zipu. Kila jioni, kabla ya watu kulala, mtu mzima mmoja apewe kazi ya kuhesabu majiko yote na kuthibitisha kwamba yako nje.

Mtoto akiungua, mwagilia mahali palipoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20 kamili, ukitazama saa, kwa sababu dakika 20 za mtoto anayelia ni ndefu mno na utashawishika kuacha baada ya tatu. Usipake dawa ya meno, siagi, asali wala yai. Vua saa na bangili kabla mahali hapo hapajavimba, funika kwa kitambaa safi bila kukaza, na kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha mtoto huyo au liko usoni, safari ya hospitali ianze.

Maji ya kunywa yakitoka mtoni au kwenye tangi msilolijua, yachemsheni. Yakishaanza kutokota kwa nguvu, yaacheni dakika moja nzima. Mkiwa juu ya mita 2,000, kama vile kwenye miteremko ya Nyandarua, yaacheni dakika tatu, kwa kuwa huko juu maji hutokota kabla hayajapata moto wa kutosha.

Kuhusu chakula sina mengi ya kusema. Upishi wa kwanza, Ijumaa usiku, uwe wa kitu kilichopikwa nyumbani na kinachohitaji kupashwa moto tu, kwa maana mtafika mmechoka na giza linaingia. Jumamosi ndiyo siku ya ugali, sukuma wiki na mayai. Kwa patroli ya watoto wanane nimeona kilo moja na nusu ya unga inatosha na kubaki. Ugali wa watoto utakuwa na mabonge. Kuleni. Mzazi mmoja baba, mtu mwema kwa mambo mengine yote, hakuweza kustahimili kuona mwiko ukishikwa kwa mikono miwili, akaunyakua, akasonga ugali mzuri mlaini kama wa hotelini, na watoto wanane wakasimama wakimtazama kama abiria. Jioni yake walipoitwa kuosha sufuria walisema, kwa adabu lakini kwa sauti moja, kwamba aliyepika ndiye anayejua ilivyoshikana.

Chakula kifungwe ndani ya chombo chenye kifuniko kizito, kamwe kisilale hemani. Tumbili wa Nyeri hujua kufungua zipu.

Jumamosi mchana

Viongozi wana ratiba yao, nayo si kazi yako. Kuna mafundo ya kamba, kuna huduma ya kwanza, kuna matembezi. Ukiombwa kuandamana nao matembezini, kaa mwisho wa msafara pamoja na mtoto aendaye polepole, wala usimtangulie mtoto wako. Njiani watafundishwa alama za kufuatia njia: mshale wa vijiti au wa mawe maana yake piteni huku, vijiti viwili vilivyopishana maana yake njia hii siyo, na duara lenye nukta katikati maana yake nimekwenda nyumbani. Jifunze nawe, kwa sababu hiyo ya mwisho mtaihitaji Jumapili.

Jambo jingine dogo. Skauti hupeana mkono wa kushoto. Sisi tuliolelewa tukifundishwa kwamba mkono wa kushoto haumpi mkubwa kitu, hushtuka mtoto anapotunyooshea huo mbele ya watu, na niliwahi kumwona bibi mmoja aliyekuja kutembelea kambi akimpiga mjukuu wake kofi dogo la mkononi. Si utovu wa adabu. Ni salamu yao duniani kote. Mpe wako wa kushoto. Mkirudi kijijini, mkumbushe kwamba wazee wa huko bado wanautaka wa kulia.

Kabla ya chakula cha jioni, wakague miguu na nyuma ya masikio mtafute kupe, na wasitembee bila viatu hata hatua za kwenda chooni. Pale pasipo choo cha kudumu, shimo la mtu mmoja lichimbwe kwa kina cha sentimita 15 hadi 20, umbali wa mita 60 au zaidi kutoka kwenye maji yoyote, lifukiwe papo hapo, na karatasi zisibaki zikipepea vichakani.

Usiku

Moto wa kambi ndio saa ambayo mzazi anaruhusiwa kung'ara, ilimradi amejiandaa. Nenda na vitendawili kumi kichwani. Watoto wa siku hizi wanavijua vya kitabuni, lakini ukivitega gizani moto ukilia hupata uhai mwingine. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu kubwa, ina nguzo moja." Watoto wetu, waliokuwa wametoka kushindana na nguzo za mahema mchana kutwa, walitaja kila aina ya hema na mwavuli kabla ya mmoja, aliyekuwa kimya tangu Ijumaa, kusema uyoga. Wenzake walimshangilia, na tangu hapo hakuwa tena mtoto wa kunyamaza. Kama huna vitendawili, imba. Simu iache hemani.

Mkishazima moto, uzimeni kweli: mwageni maji, korogeni majivu, mwageni tena, kisha wekeni mgongo wa kiganja karibu na majivu. Kama pana joto, hamjamaliza.

Baridi ya hemani hutoka chini zaidi ya inavyotoka juu. Mzazi anayemfunika mtoto mablanketi matatu na kumlaza kwenye sakafu tupu ya hema atashangaa kumkuta akitetemeka saa tisa za usiku. Weka chini yake godoro jembamba la sponji, au mkeka juu ya magunia makavu, kisha umfunike moja. Avae zile nguo za kulalia alizozitunza, soksi kavu na kofia. Ale kitu kidogo kabla ya kulala na aende chooni hata akisema hajisikii. Acha tundu la hewa wazi juu ya mlango. Mkilifunga, pumzi zenu zitageuka matone na kuwadondokea alfajiri.

Kisha kuna kulia. Mtoto atakayelia kwa kutaka nyumbani mara nyingi hulia usiku wa kwanza, kati ya saa tatu na saa tano, na si lazima awe mdogo kuliko wote. Akiwa ni wako, usimwambie kwamba wenzake hawalii, wala usimwahidi kwamba kesho mtarudi. Mpe kazi. Mwambie ashike tochi mwende mkakague kamba za hema, mkahesabu majiko, mkatazame kama ndoo ya maji imefunikwa. Mwanangu alilia Ijumaa ile, mvua ikipiga turubai, akaniambia anataka kusikia sauti ya baba yake. Tulitoka na makoti tukapitia vigingi kimoja kimoja. Alipofika kwenye kona yake, akakigusa kile kigingi kwa ncha ya kiatu, akasimama hapo muda. Halafu akasema tukalale. Simu kwa baba yake hatukupiga. Nadhani kama tungepiga angelia upya.

Ukishamlaza, lala. Mzazi anayezungukazunguka usiku kucha na tochi huwaamsha waliolala na kuwatisha walioamka. Panga zamu na wenzako.

Jumapili

Kubomoa kambi huchukua muda mrefu kuliko kuijenga, kwa hiyo anzeni mapema, mara baada ya uji. Mifuko ya kulalia igeuzwe ndani nje na kuanikwa jua likitoka. Takataka zote zirudi nanyi. Watoto wajipange mstari mmoja, bega kwa bega, wapite uwanja mzima wakiokota hata vipande vya uzi. Vigingi vihesabiwe na yule aliyevipiga. Kama vilikuwa kumi na vinne na sasa ni kumi na vitatu, tafuteni mpaka kipatikane, kwa maana kigingi kilichobaki kwenye nyasi ni mguu wa mtu au kwato za ng'ombe.

Mkiwa Nyeri, ombeni kiongozi mpitie makaburini kabla ya kupanda basi. Kaburi la Baden-Powell halina makuu. Usiwaeleze watoto chochote mkiingia. Waache wasome jiwe wenyewe mpaka mmoja wao aione ile alama ya duara lenye nukta katikati, iliyochongwa hapo, na kuwaambia wenzake maana yake. Kwetu aliyeiona alikuwa yule wa uyoga.

Nyumbani, kabla ya kuoga na kulala, fanya mambo mawili. Mkague mtoto kupe mara ya pili, kwapani na nyuma ya magoti. Kisha mlitoe hema mfukoni hata kama linaonekana kavu, mlitandaze mahali penye hewa usiku kucha, maana hema lililofungwa na unyevu wa Nyeri hutoa ukungu mweusi kabla ya wiki kwisha, na ukungu huo hautoki. Kama mnaishi kwenye ghorofa, lianikeni juu ya milango na viti vya sebuleni, na mvumilie kupita chini yake mpaka Jumatatu jioni. Atakayelikunja awe mtoto.